Dakta Robert Koch na Deni la Visiwa vya Sese

Mkazi wa Niboye, katika wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, apatwapo na kikohozi kisichokoma kwa majuma mawili na zaidi, hushauriwa aende kituo cha afya ili makohozi yake yapimwe. Kwa desturi ya miaka mingi, makohozi hupakwa juu ya kipande chembamba cha kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huyatazama kwa hadubini. Ikiwa ugonjwa upo, vitaonekana vijiti vidogo vyekundu vimelala juu ya uwanja wa buluu. Hivyo ndivyo vijidudu vya kifua kikuu. Siku hizi zipo pia mashine zinazovitambua kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini apimwe kwa hadubini au apimwe kwa mashine, mgonjwa huyo ananufaika na kazi ya mtu mmoja aliyefariki dunia mwaka 1910.

Mtu huyo ni Dakta Robert Koch, Mjerumani. Tumeona ni vema leo tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba yeye ndiye aliyewafundisha matabibu wa dunia nzima namna ya kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Sababu ya pili yatuhusu sisi zaidi. Dakta Koch hakufanya kazi Berlin peke yake. Alifanya kazi Dar es Salaam, Amani, Mwanza, na katika Visiwa vya Sese ndani ya Ziwa Victoria. Huko Sese lilitokea jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita upesi, nasi hatutalipita.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, penye milima ya Harz. Baba yake, Hermann, alikuwa ofisa wa migodi. Mama yake, Mathilde, alizaa watoto kumi na watatu, na Robert alikuwa wa tatu. Yasimuliwa kwamba alipofika umri wa miaka mitano tayari alikuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kutazama magazeti ya nyumbani. Alipenda kukusanya wadudu, mawe na mimea, na tangu utoto alitamani kusafiri mbali.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Mwalimu wake mmoja huko alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Wakati ule wengi hawakuyasadiki maneno hayo. Walidhani kwamba maradhi hutoka katika hewa mbaya, au katika udhaifu wa mwili wenyewe. Henle alikuwa na wazo, lakini hakuwa na ushahidi. Kuutafuta ushahidi huo ndiko kulikokuja kuwa kazi ya mwanafunzi wake.

Koch alihitimu udaktari mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka 1868 wakapata mtoto wao wa pekee, Gertrud. Ile hamu ya kusafiri aliiweka kando kwa ajili ya kulea jamaa yake. Alihama mji hadi mji akitafuta riziki ya tabibu, akajitolea kuhudumia askari katika vita vya mwaka 1870 baina ya Wajerumani na Wafaransa, na mwaka 1872 akateuliwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo nchini Poland.

Wollstein ulikuwa mji wa wakulima na wafugaji, na mifugo yao ilikuwa ikiangamizwa na kimeta. Ugonjwa huo uliua kondoo na ng'ombe, na mara nyingine uliwaua wachungaji wao. Koch hakuwa na maabara. Alikata sehemu ya chumba alimopokea wagonjwa kwa pazia, akaweka hadubini yake nyuma ya pazia hilo. Alipokosa vifaa, alitumia vijiti vya mti kuwatia panya damu ya kondoo waliokufa. Ili kuvikuza vijidudu nje ya mwili wa mnyama, aliviweka katika maji yaliyotolewa ndani ya jicho la ng'ombe. Akaviona vikirefuka kama nyuzi, kisha ndani ya nyuzi hizo vikajitengeneza vijimbegu vigumu. Hapo kitendawili cha wafugaji kikateguliwa: vijimbegu hivyo huweza kukaa mavumbini kwa miaka mingi vikingoja mnyama mwingine, na kwa sababu hiyo malisho yaliyoachwa zamani yaliendelea kuua.

Mwaka 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha kazi yake Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya mimea. Daktari wa wilaya asiye na jina alisimama mbele ya wakubwa kwa muda wa siku tatu, akarudia majaribio yake hatua kwa hatua mpaka hapakubaki wa kubisha. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa wazi kwamba kijidudu cha namna moja ndicho chanzo cha ugonjwa mmoja.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika Idara ya Afya ya Dola. Huko alipewa maabara na wasaidizi. Tatizo kubwa la wakati ule lilikuwa kuvitenga vijidudu vya namna moja visichanganyike na vingine. Koch alianza kuvikuza juu ya kitu kigumu badala ya mchuzi, ili kila namna iote mahali pake kama miche katika kitalu. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ndiye aliyeshauri kutumia ute wa mwani uitwao agari. Msaidizi mwingine, Julius Petri, alibuni visahani vya kioo vyenye kifuniko. Agari na visahani hivyo vingali vinatumika katika maabara za leo, za Kigali zikiwamo.

Kisha Koch akaukabili ugonjwa uliokuwa ukiua kuliko yote. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba kati ya kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na kifua kikuu. Wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa ukoo, na palipokuwa na imani hiyo hapakuwa na la kufanya ila kulia na kuzika. Vijidudu vyake vilikuwa vigumu kuonekana kwa kuwa havikubali rangi kwa urahisi, na vigumu kukuzwa kwa kuwa huota polepole mno. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka akaviona. Akavikuza juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa, akingoja siku nyingi kabla ya kuona lolote. Kisha akawatia simbilisi, nao wakaugua kifua kikuu.

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya chama cha wataalamu mjini Berlin, alitoa taarifa yake. Alikuja na hadubini na vioo vyake, ili kila mtu ajionee kwa jicho lake. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya. Hapakuwa na swali wala ubishi. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Njia aliyoifuata Koch yafaa kuelezwa, maana ndiyo urithi wake mkubwa. Kwanza, kijidudu kionekane kwa kila mwenye ugonjwa. Pili, kitolewe mwilini na kukuzwa peke yake. Tatu, kitiwapo katika mnyama mzima, kilete ugonjwa uleule. Asiyetimiza hayo hana haki ya kusema amekipata chanzo. Baadaye elimu iligundua maradhi yasiyoweza kupimwa kwa kanuni hizo zote, lakini roho ya kanuni hizo ni moja: ushahidi kwanza, maneno baadaye.

Mwaka 1883 Koch aliongoza ujumbe uliokwenda Misri, kisha Calcutta nchini Uhindi, kutafuta chanzo cha kipindupindu. Alikipata kijidudu chake, chenye umbo la mkato, akaonyesha jinsi kinavyosafiri katika maji machafu. Filippo Pacini wa Italia alikwisha kukiona mwaka 1854, ila hakusikilizwa. Koch aliporudi Berlin alipokewa kama jemadari aliyeshinda vita.

Lakini sifa ni mzigo. Mwaka 1890, katika mkutano mkuu wa matabibu mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia vijidudu vya kifua kikuu visikue. Muda si muda habari zikaenea kwamba dawa imepatikana. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walimiminika Berlin, wengine wakiwa katika hali ya kufa. Dawa yenyewe iliitwa tubakulini, na kwa miezi kadhaa Koch hakueleza imetengenezwa na nini. Alikwisha kujidunga mwenyewe, akashikwa na homa kali, hivyo hatuwezi kusema kwamba alikuwa mwoga. Lakini hakungoja matokeo. Mapema mwaka 1891 Profesa Rudolf Virchow alipasua maiti za waliodungwa, akaonyesha kwamba ugonjwa haukuzuiwa, na kwa baadhi yao ulikuwa umeenea zaidi. Mtu aliyeifundisha dunia kungoja ushahidi alikuwa ameshindwa kuungoja. Tubakulini haikutibu, ingawa baadaye ilikuja kuwa kipimo kizuri cha kuonyesha nani amekwisha kuambukizwa.

Katika mwaka huohuo wa 1891 alifunguliwa Taasisi ya Maradhi ya Kuambukiza mjini Berlin. Chini yake walipata kufanya kazi wanasayansi kama Emil von Behring, Paul Ehrlich na Mjapani Shibasaburo Kitasato. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Ndoa yake na Emmy ilivunjika, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka thelathini. Watu wa tabaka lake walinong'ona sana. Hedwig alifuatana naye katika baadhi ya safari zake za mbali, na safari hizo sasa zilikuwa nyingi, kana kwamba Koch alikuwa akilipa ile hamu aliyoiweka kando ujanani.

Ndivyo alivyofika kwetu. Baada ya kupambana na sotoka ya ng'ombe Afrika ya Kusini mwaka 1896, na tauni huko Bombay mwaka 1897, alikuja Dar es Salaam na kukaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Aliporudi tena mwaka 1905 alisafiri katika njia za misafara kupitia Morogoro hadi Iringa, akitafuta chanzo cha homa inayokwisha na kurudi. Wenyeji wa njia hizo walijua zamani kwamba alalaye katika kibanda chenye papasi ataugua. Koch alichimba udongo mkavu wa vibanda vya kambi, akawapata papasi, na akaonyesha kwamba papasi jike hupitisha vijidudu hata katika mayai yake. Wakati uleule watafiti wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakifanya uchunguzi kama huo mashariki ya Kongo. Dutton alifariki huko Kasongo mwaka huo akiwa na homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwezi wa Desemba 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Yafaa tukumbuke kwamba serikali iliyokuwa ikimtuma ndiyo iliyokuwa ikiizima Vita ya Maji Maji kwa risasi na njaa, kati ya mwaka 1905 na 1907. Dola hiyo ilitaka watu wenye afya ili wapate kufanya kazi na kulipa kodi. Katika safari za Koch walikuwapo wachukuzi, wapishi, wakalimani na wauguzi Waafrika. Bila wao hadubini isingefika mahali popote. Majina yao mengi hayakuingia vitabuni.

Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza pwani za Ziwa Victoria. Tangu mwaka 1900 hivi, katika Uganda peke yake, zaidi ya watu laki mbili walikufa. Mwaka 1903 Daktari David Bruce na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Kilichobaki ni dawa. Mwaka 1906 Koch alirudi, akaanzia Amani katika milima ya Usambara, kisha Mwanza. Alipoona kwamba wagonjwa wa Mwanza si wengi, aliomba ruhusa ya Waingereza, akavuka hadi Visiwa vya Sese, ambako vijiji vilikuwa vikibaki vitupu. Alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala. Habari zilipoenea kwamba amekuja mganga mkuu mwenye sindano, wagonjwa walikuja kwa mitumbwi na wengine kwa kubebwa. Walijengewa vibanda vya nyasi. Waliotibiwa walizidi elfu moja.

Dawa yake iliitwa Atoksili, nayo ilikuwa na sumu ya zarinihi ndani yake. Wataalamu wa Liverpool walikuwa wameona mwaka 1905 kwamba inaviua vijidudu vya malale katika wanyama. Mwanzoni Koch alitoa nusu gramu kwa siku mbili mfululizo, akirudia baada ya siku kadhaa. Matokeo yalimfurahisha. Vijidudu vilitoweka katika tezi, wagonjwa waliokuwa wakibebwa wakaanza kutembea. Alipeleka Ulaya taarifa za matumaini makubwa. Lakini muda ulipopita vijidudu vilirudi. Ndipo alipoongeza kipimo, akawapa baadhi yao gramu nzima. Wagonjwa hao wakaanza kulalamika maumivu, kizunguzungu na macho kufifia. Zaidi ya ishirini walipofuka kabisa, wala macho yao hayakurudi. Sumu ilikuwa imeua mshipa wa fahamu wa jicho.

Haki na isemwe. Koch hakulificha jambo hilo, bali aliliandika katika taarifa yake, akarudi kwenye kipimo kidogo. Wala hakwenda Sese kwa nia ya kudhuru. Wagonjwa wale, wasipotibiwa, walikuwa wakielekea kufa. Hata hivyo lipo swali ambalo hatuna budi kuliuliza. Je, walielezwa kwamba dawa ingali inajaribiwa? Je, walipewa nafasi ya kukataa kipimo kikubwa? Kuna mambo ambayo serikali za Ulaya hazikuruhusu kwa urahisi juu ya raia wao, nayo yalifanyika visiwani bila ya mtu wa kuuliza. Koch alikwisha kuona mwaka 1891 matunda ya haraka. Miaka kumi na sita baadaye haraka ileile ilimrudia, na safari hii walioulipa mzigo wake walikuwa wavuvi na wakulima wa Sese.

Alipoondoka mwishoni mwa mwaka 1907 alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya pwani vikatwe, na hata mamba wapunguzwe, kwa kuwa aliamini kwamba mbung'o huishi kwa damu yao. Wasaidizi wake waliendelea na kambi katika upande wa Wajerumani, lakini watu wengi walizikimbia. Katika miaka iliyofuata Waingereza waliwahamisha wakazi wa Sese kwa amri, na visiwa vikakaa tupu kwa muda.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1907, Richard Kandt, ambaye naye alikuwa daktari, aliteuliwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani nchini Rwanda, naye akaweka makao yake Kigali. Kwa hiyo historia ya jiji hilo na ile ya kambi ya Sese zinatoka katika dola moja na msimu mmoja. Tena maji ya vilima vya Kigali huteremka katika mto Nyabarongo, huingia Akagera, na mwisho wake ni ziwa lilelile linalozunguka Sese.

Dakta Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa kama alivyotaka, na majivu yake yakahifadhiwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo hadi leo ina jina lake. Hata katika mambo ya maabara hakuwa bila kosa. Mwaka 1901 alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu, na wengine wakamthibitishia kwamba amekosea. Anayechemsha maziwa yake leo anafuata ushahidi wao, si ukubwa wa jina la Koch.

Elimu haikukomea Sese. Ehrlich na wenzake waliichunguza upya Atoksili, na katika njia hiyo wakapata dawa ya kaswende iliyoanza kutumika mwaka 1910. Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa pamoja na Koch visiwani, alionyesha mwaka 1909 kwamba vijidudu vya malale hukomaa kwanza ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza. Dawa salama zaidi zilifuata, ingawa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Rwanda.

Sasa turudi Niboye. Yule mgonjwa wa kikohozi, akikutwa na vijidudu, atapewa dawa ambazo kwa kawaida hunywewa kwa miezi sita. Ataelezwa ni dawa gani, zinaweza kumdhuru vipi, na arudi lini. Ikiwa wataalamu wanataka kujaribu dawa mpya kwake, yapasa wamweleze na kupata ridhaa yake, na utafiti wao upitiwe kwanza na kamati ya maadili. Watu huziona taratibu hizo kuwa karatasi nyingi zinazochosha. Sisi twaona kwamba ndizo kinga ambayo watu wa Sese hawakuwa nayo.

Kwa hiyo tumheshimu Robert Koch kwa vile vijiti vidogo alivyotuonyesha mwaka 1882, maana vimeokoa roho zisizohesabika. Lakini kila tunapolitaja jina lake tuwataje pia wale zaidi ya ishirini wa Bugala, ambao hatuna majina yao. Walikwenda kwenye sindano wakiwa wanaona, wakarudi vijijini wakishikwa mkono. Deni lao halilipwi kwa sifa. Hulipwa kila siku, katika kila kituo cha afya, pale mtaalamu anapokaa chini na mgonjwa akamweleza yote kabla ya kumtibu.